Mstari wa Arobaini na Moja

Ofisini walimwita shangazi yangu Mama Kijani, kwa sababu majaribio yake yote yaliishia kwenye alama ya kijani. Alikuwa akipima programu inayopanga kasi ya dripu za watoto wachanga. Kompyuta iliendesha programu mara mbili, kwa data ileile, kisha ikalinganisha majibu mstari kwa mstari. Yakifanana, alama ya kijani; yakitofautiana, nyekundu. Mistari isiyoweza kufanana, kama ule wa saa, iliwekwa kwenye orodha ya kurukwa.

Asubuhi moja, akiisafisha orodha hiyo kabla ya toleo jipya kupelekwa hospitali, alikuta mstari wa arobaini na moja. Ulikuwa wa kasi ya dripu. Kando yake palikuwa na jina lake na tarehe: siku ya tatu baada ya kumzika mama yake. Alikuwa amerudi kazini macho yamevimba. Alikusudia kuruka mstari wa arobaini tu, wa saa, lakini kwa makosa akaongeza na huu.

Kwa miaka miwili kompyuta haikuwa imeutazama mstari huo.

Aliuondoa kwenye orodha, akaendesha programu mara mia. Tisini na tisa zilifanana. Moja ilitoa kasi maradufu.

Mkuu wa kitengo alipita na kikombe cha kahawa. "Mama Kijani, leo umebadilisha rangi?"

"Bosi, kaa kwanza."

Akakaa, akasoma matokeo. "Labda kompyuta imechoka kama mimi. Rudia."

"Nimerudia."

"Mara moja kati ya mia, dada yangu."

"Wodi ya watoto wachanga inalaza wangapi kwa mwezi?"

Bosi aliweka kikombe mezani. "Tukisema, watauliza nani aliuruka."

"Jina langu liko pale. Sijalifuta."

Shangazi alipiga simu wodini mwenyewe, akaomba mashine za dripu zizimwe na dripu zihesabiwe kwa mkono. Simu ilipokelewa na muuguzi. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

"Mwezi wa tatu tulimpoteza mmoja," akasema muuguzi taratibu. "Tuliandika kuwa ni moyo."

Shangazi aliuliza alikuwa wa kike au wa kiume. Muuguzi alimjibu. Jibu hilo hajamwambia mtu yeyote, hata mimi.

Kosa lilipatikana, likarekebishwa, na hawakumfukuza. Siku hizi hakuna anayemwita Mama Kijani. Kila asubuhi huifungua orodha ya kurukwa na kuishusha kwa kidole, mstari mmoja mmoja. Kijani kikitokea, hukitazama kitambo, kisha huendesha tena.