Mkurugenzi wa Akili Mnemba

Mkurugenzi aliyeniajiri kuwafundisha wanajeshi akili mnemba hakujua chochote kuhusu akili mnemba. Nasema hivyo bila chuki, maana kumchukia mtu ni kumpa uzito, na yule hakuwa nao. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viyoyozi Msimbazi. Ni kazi ya heshima, na angebaki nayo tungeheshimiana. Lakini alisikia jeshi linatafuta watu wa kuwanoa maafisa wake kwenye teknolojia hii, basi akashona suti, akafungua kampuni, akanitafuta mimi, mwalimu wa takwimu, niwe msaidizi wake.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kukodi katikati ya mji. Nilikuwa natoka kwangu Kariakoo asubuhi, nikipenya kwenye marobota ya mitumba, na nikifika nawakuta maafande wameshakaa, wamenyooka, kalamu mkononi. Mkurugenzi aliingia muda aliotaka. "Mambo vipi, majembe?" aliwaambia watu wazima, wengine wakubwa kwake, kisha akawawekea video za roboti zinazocheza muziki.

Nilimwomba nafasi niwafundishe hesabu za uwezekano, na jinsi mashine inavyokosea.

"Hesabu zitawachosha," alisema. "Hawa ni wanajeshi, mwalimu. Hawaulizi, wanatii. Wape kitu kinachowaka kwenye kioo."

Siku ya kufunga mafunzo walialikwa wageni. Mkurugenzi alikuwa amenunua nje ya nchi programu ya kutambua watu wenye silaha kwenye video. Nilimwonya kwamba haijawahi kujaribiwa kwa picha za huku kwetu. Akaniambia nikakae kwenye kompyuta nisubiri ishara yake.

Alipoinua kidole nikawasha. Ilikuwa video ya soko la samaki la Feri, asubuhi, moshi umetanda. Mara mraba mwekundu ukamzunguka mama mmoja aliyesimama mbele ya karai la mafuta, na juu yake neno: SILAHA. Mkononi alishika kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, anageuza samaki.

Wageni wa mstari wa mbele wakapiga makofi. Nao pia niliwadharau, suti zao na chupa zao za maji.

Kapteni mmoja mwanamke akasimama. Wiki zote hizo alikuwa akiandika tu daftarini.

"Samahani, mkurugenzi. Yule mama anakaanga samaki."

"Mashine bado inajifunza, afande."

"Inajifunza kwa nani?"

Alinigeukia, anachekacheka, kama vile kosa ni langu.

"Sisi tukipewa hii tukapelekwa Magogoni," kapteni aliendelea, sauti ile ile, "watu wanateremka kwenye kivuko na mizigo yao, kioo kikasema silaha, nifanye nini? Nitii?"

Mkurugenzi akatangaza chai. Baada ya chai akagawa vyeti. Kapteni alipoitwa hakwenda mbele, alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini. Nikazima kompyuta na kumwambia mkurugenzi asinitafute tena. "Utajuta," alisema, huku anatazama kama mpiga picha yupo tayari.

Sikujuta. Kapteni alikuja kwangu Jumamosi iliyofuata, amevaa baibui, na wenzake wachache. Tulikaa sebuleni, chini yetu duka la vitenge linapiga matangazo kwa spika.

"Tuanzie wapi, mwalimu?"

"Kwenye kurusha sarafu, afande."

Baadhi walichoka na kuacha, kama mkurugenzi alivyotabiri, na iliniudhi kwamba kwa hilo alikuwa sahihi. Waliobaki walikwenda Feri na Magogoni kupiga picha za kuifundishia programu yao wenyewe, wakaziwekea alama, wakabishana kila moja. Programu waliyotengeneza haikuwa na maajabu. Mara nyingi ilijibu: sina hakika. Kapteni ndiye aliyesisitiza iweze kusema hivyo, na aliipeleka kwa wakubwa wake ikiwa hivyo hivyo.

Wakubwa hao walimwita akaieleze. Mkurugenzi wangu wa zamani, nasikia, sasa anafundisha mabenki.