Kiota Nilichokigeuza kwa Ujuzi Wangu

Siku niliyoaga Kisondela kwenda pwani naikumbuka kwa vicheko vyake. Mjomba wangu aliutua mkungu wa ndizi aliokuwa ameubeba begani, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Bahari umeiona wapi wewe, zaidi ya kwenye kalenda? Mwezi hauishi utarudi hapa unakohoa chumvi." Jirani akaongeza kwamba mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Rungwe akipigwa na jua la pwani wiki mbili huyeyuka kama mafuta. Shangazi alinifungia viazi vya njiani kwa uso wa mtu anayefungasha vya msibani.

Mwanangu, nakusimulia haya nikiwa si mtu wa kuonewa huruma. Leo mashine zangu za kutotolesha vifaranga ziko Makandana, na mfugaji wa Ikuti akiuziwa kifaranga dhaifu, watu humuuliza kwa nini hakupita kwangu. Nyumba nimeijenga mwenyewe, bila baba tajiri wala ndugu mwenye cheo. Stashahada yangu ya mifugo ipo ukutani kwenye fremu, na anayekunywa chai kwangu lazima aione. Najisifu, ndiyo. Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini, mimi niliwika. Lakini kuna mahali niliwika kabla ya saa yake, na hapo ndipo nataka utulie unisikilize.

Nilikwenda pwani ya kusini kusimamia banda la kuku la tajiri mmoja. Banda lile lilikufa kwa ugonjwa ndani ya miezi mitano, nami nikaona haya kurudi nyumbani mapema hivyo. Kijijini hapo palikuwa na kikundi cha wanakijiji waliojitolea kulinda kasa. Kila alfajiri waligawana ufukwe vipande vipande, kila mmoja akitembea kipande chake kutafuta mburuzo wa kasa aliyepanda kutaga. Wakikiona kiota huandika mahali kilipo, hukizungushia miti mitatu, hukilinda dhidi ya mbwa na wachimbaji wa mayai hadi mayai yaanguliwe. Hawakulipwa. Nilijiunga nao, nikafikiri moyoni: hawa wana bahati, wamepata msomi.

Mkuu wao alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa makamo ya juu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Siku ya tatu tulikuta kiota kimetagwa chini mno, pale maji makuu yangekifikia. Tukayahamisha mayai siku ileile, yeye mwenyewe akiyatoa moja moja, meupe, laini, ya mviringo. Akatuambia, "Lililokuwa juu libaki juu. Yai la kasa haligeuzwi, haligeuzwi hata kidogo." Tukayafukia sehemu ya juu zaidi, ndani ya kipande changu.

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Chuoni nilifundishwa kwamba yai lisipogeuzwa, kiini hugandia kwenye ganda, kifaranga kinakufa. Kuku mwenyewe huyageuza yake kwa mdomo, nimemwona. Na mama yangu kule Kisondela, alipomlaza kuku, aliyatia mayai alama ya mkaa ili kuku mwingine akija kutagia humo, lile jipya lijulikane. Nikayaunganisha yote mawili, ya chuo na ya mama, nikajiona nimetimia. Nikasema, huu ni ushirikina wa watu wa pwani. Kila baada ya siku mbili, nikiwa peke yangu kwenye kipande changu, nilikifukua kile kiota. Niliyatia mayai alama ya mkaa upande mmoja, nikayageuza kwa adabu zote, nikayafukia. Niliimba hata wimbo, mwanangu. Maji usiyoyafika huyajui wingi wake.

Siku hamsini zikapita, sitini zikapita, sabini. Mchanga haukutikisika. Bi Mwanaisha akasema tukifungue tuone. Tulikuwa watu kumi tukichungulia lile shimo. Mayai yalitoka moja moja, mazito, yamebadilika rangi, yananuka. Hakuna hata moja lililoanguliwa. Na juu ya kila moja, limefifia lakini linasomeka, doa la mkaa.

"Haya maandishi ya nani?" Bi Mwanaisha akauliza.

Macho yote yakaenda kwa Shabani. Shabani alikuwa mchimbaji wa mayai zamani, akiyauza, kabla hajatubu na kujiunga na kikundi mwaka ule. Kipande chake kilipakana na changu. Mzee mmoja akasema, "Si yeye ndiye aliyekuwa akiyatia alama mayai ya wateja wake? Mazoea yana taabu."

"Wallahi sijayagusa!" Shabani akasema. "Nimeacha. Mke wangu anajua, Mungu anajua."

"Mkeo si shahidi, hata chumvi ya nyumbani kwako anaikopa," mwingine akamdhihaki, na watu wakacheka.

Wakakubaliana kwamba Jumamosi atatolewa kwenye kikundi na kupelekwa ofisi ya kijiji kama mwizi wa mayai. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mikono mfukoni, na kwenye kucha zangu mkaa ulikuwa bado haujatoka. Nilijiambia kwamba nitasema baadaye, nikishatafuta maneno mazuri. Msomi huuita uoga wake kutafakari.

Ijumaa jioni Shabani alinifuata nilipokuwa nimepanga chumba. Alikaa kizingitini, hakutaka kuingia. "Kaka," akaniambia, "wewe una cheti. Wewe wanakusikiliza. Kesho nisemee neno moja tu, kwamba umeniona nafanya kazi. Hilo tu. Nikipelekwa ofisini, hakuna atakayeniuzia hata ndoana."

Mwanangu, nimeugua malaria, nimezika wazazi wangu, nimeona kuku elfu wakifa kwa wiki moja. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia na yale maneno "wewe una cheti." Nikamwambia, "Nitasema." Sikumwambia nitasema nini.

Jumamosi nilisimama kabla kikao hakijafunguliwa. Niliwaonyesha kucha zangu. Nikawaeleza yote: chuo, mama yangu, kuku, mkaa, wimbo. Nilipofika kwenye wimbo, mtu mmoja nyuma aliguna, "Bwana Kuku!" na jina hilo likaninata hadi nilipoondoka kijiji kile. Shabani aliinama tu, akayatazama magoti yake.

Bi Mwanaisha hakupaza ile sauti yake. Alisema polepole, "Mayai umeyaua kwa kutojua, na mimi nilikosea pia, nilitakiwa nikueleze kwa nini. Ndani ya yai la kasa mtoto hujishika juu, ukimgeuza unamzamisha. Hilo tunasameheana. Lakini siku nne ulimwacha mwenzio avae kosa lako. Hilo ulilijua vizuri, wala halitaki stashahada."

Nikasema niko tayari kuondoka.

"Uende wapi?" akanijibu. "Kuondoka ni rahisi. Kuanzia kesho utatembea nyuma ya Shabani. Anakokanyaga, ukanyage. Asichokigusa, usikiguse. Msimu mzima."

Na hapo ndipo najisifia kwa haki. Nilibaki. Watoto waliniimbia, wavuvi walinipigia kelele, "Bwana Kuku, basi la Mbeya linaondoka saa kumi na mbili!" Ngozi ilibabuka shingoni, viatu vikaoza kwa chumvi, nikatembea pekupeku. Kila alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Shabani kabla hajafungua. Mwanzoni hakunisemesha, na sikumlaumu. Kisha akaanza kunionyesha mburuzo wa kasa aliyetaga na wa aliyeghairi, namna mchanga unavyolegea, tundu la kaa lilivyo. Mikono iliniwasha kutaka kufukua, mwanangu, hasa mvua iliponyesha. Niliishika mgongoni.

Kiota chetu cha kwanza kilipotimia siku zake, mchanga ulizama katikati kama mtu ameshusha pumzi. Watoto wa kasa wakachomoza, wadogo kama vifuniko vya chupa kubwa, wakaanza safari ya majini kila mmoja kwa haraka zake. Mmoja alipinduka mbele ya mguu wangu. Nikamtazama Shabani. Akatingisha kichwa kunikataza. Nikasubiri. Yule mdogo akapiga mikono hewani, akajigeuza mwenyewe, akaenda. Tulihesabu hadi wa mwisho alipoingia kwenye povu. Shabani akanishika bega, akasema, "Kesho tembea mbele."

Mwaka uliofuata kikundi kilinirudishia kipande changu. Nilikilinda misimu sita, na hakuna kiota kilichochimbwa humo na mtu wala mbwa. Waulize, watakwambia.

Basi shika haya, mwanangu, uyabebe popote utakapokwenda kutoka vilima hivi vya Tukuyu. Elimu yako ipende, itundike ukutani, lakini ukifika kwa watu wanaolinda kitu uliza kwanza, hata kama unadhani unajua. Kuuliza si ujinga. Ukikosea, sema siku ileile, maana kosa lililofichwa hutafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi humpata aliye dhaifu kuliko wewe. Na ukishaaibika, usikimbie. Aibu ya kubaki huisha. Ya kukimbia unatembea nayo hadi uzeeni.

Mungu wa mvua zetu akulinde uendako na urudiko. Akupe watu wa kukukemea kwa upendo, na miguu ya kusimama mbele yao. Ulichokabidhiwa kikue mikononi mwako, na jina lako litajwe kwa heri hata mahali ambapo walianza kwa kukucheka. Ndaga fijo, asante sana kwa kunisikiliza.