Kudekezwa mu Shimo la Ndizi

Wenye kusoma vitabu wanasema neno kudekeza lilitoka mbali, likapanda huku kwetu Masisi pamoja na Kiswahili cha wachuuzi wa chumvi. Sawa, waseme. Majirani zetu wa Kinyarwanda walikuwa na lao, gutetesha, na maana njo ile ile: kupenda mutoto mpaka unamuharibu. Mimi sikulisoma popote. Nilidekezwa, tena karibu nife.

Kwetu Kibabi, kijiji cha Masisi, mutoto wa kwanza alikuwa anapewa nyanya yake amulee. Wa kwanza njo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka sita, na bado alikuwa ananibeba mugongoni! Nikijikwaa, anachapa lile jiwe. Mama yangu akamuambia, "Mama, unadekeza mutoto." Akajibu, "Nidekeze nani basi, mbuzi?"

Mwaka ule ndui ilifika vijiji vya jirani. Munganga akaja na polisi wa shefu, mutawala wa eneo letu, kuchanja watoto wote. Mwenye kuficha mutoto atachapwa fimbo mbele ya watu. Nyanya aliposikia watoto waliotangulia kuchanjwa wakilia, moyo ukamushinda. Akaniingiza mu shimo la kuivishia ndizi za pombe, lenye joto la moto wa jana, akafunika na majani ya migomba na udongo. "Nyamaza. Narudi sasa hivi."

Eee, hasira inanipanda hata leo! Shimo lile halina hewa, na yeye mwenyewe alikuwa anatufukuza pale kila siku. Nilikohoa. Nikaita. Kichwa kikazunguka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Polisi aliuliza, "Mutoto wa kwanza iko wapi?" Nyanya akajibu, "Alienda kwa mujomba wake." Akaulizwa tena, akajibu vile vile, macho yakienda kwenye shimo. Mara ya tatu akageuza kichwa. Alikuwa anasikiliza. Sauti yangu ilikuwa imekatika.

"Iko mu shimo!" akapiga kelele, akaanza kufukua kwa kucha.

Walinitoa nimelegea kabisa. Polisi akainua fimbo. Nyanya hata hakumuangalia. Alinipakata, akamunyooshea munganga mukono wangu.

"Muchanje," akasema, kisha akaniinamia mimi. "Lia, mama yangu, lia!"

Chuma kikakwaruza ngozi. Nikatoa sauti ndogo.

"Munganga," akasema, "ongeza."