VX za Kweli na VX za Kuvishwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi, kitambaa na gari moja jeupe, nikaambiwa nisiliwashe. Ilikuwa karakana ya kampuni ya wakandarasi wa migodi, upande wa Bulyanhulu. Mimi nilitoka chuo cha ufundi nikidhani nitafungua injini mpaka mikono iote sugu. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele za wengine, alisimama nyuma yangu akasubiri. Nikamwambia hilo ni Landkruza VX, kwa sababu mlangoni nyuma palikuwa na herufi hizo zinang'aa.

"Hayo ni maandishi," akasema. "Hata mimi naweza kukuandika mgongoni Waziri. Nataka kujua gari hili lilizaliwa nini."

Nililizunguka mpaka wenzangu wakaenda kula wakarudi. Lilikuwa GX. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkaguzi wa madaraja ya magari, kazi ambayo vijana wa leo nikiwatajia hunitazama kwa huruma. Ilinipa ugali miaka yote, ikanijengea nyumba hii hapa Shinyanga, na ikaninyang'anya rafiki wa pekee niliyekuwa naye. Hilo la rafiki ndilo linalonifanya niandike, ila siwezi kulieleza kabla hujaijua kazi yenyewe.

Landkruza zile za umbo la mviringo, ambazo siku hizi mnaziita za kale na kupiga nazo picha za harusi, zilitoka kiwandani kwa madaraja. Chini kabisa ilikuwa ya kawaida tu, kisha GX, kisha VX. GX nyingi zilizofika kwetu zilikuwa na injini ya dizeli isiyo na turbo. VX ilikuwa nayo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Nayo husukuma hewa nyingi ndani, gari likapata nguvu ya kupanda mlima likiwa limebeba watu na mawe. Juu ya daraja kulikuwa na vitu vya nyongeza ambavyo mnunuzi wa kwanza aliagiza kiwandani: paa la kufunguka, winchi ya mbele, kiyoyozi cha nyuma, loki ya difu ya kufunga magurudumu yazunguke pamoja kwenye tope. Kwa hiyo VX mbili zingeweza kupishana, na GX iliyoagiziwa nyongeza ingemchanganya hata aliyeiuza.

Kampuni ilijali kwa sababu ilinunua magari yaliyotumika, na breki za hili haziingii kwenye lile. Ukiagiza kipuri kwa kuamini stika, gari linalala na watu wa zamu wanakwenda shimoni wamechelewa.

Kulikuwa na kibati chini ya boneti chenye herufi na namba za kiwanda. Wavivu waliishia hapo. Lakini kibati hung'olewa na kuhamishwa, kwa hiyo Mkuu alitufundisha kusoma bodi. Madigadi pana za VX zimeshikwa kwa matundu yaliyotobolewa kiwandani kabla ya rangi, hivyo ukingo wa tundu una rangi ndani yake. Fundi wa mtaani hutoboa baadaye, na tundu lake huota kutu. Herufi zikibanduliwa, jua huacha kivuli cha herufi hizo kwenye rangi, hata ukipaka nta. Nyaya za nyongeza ya kiwandani hufungwa kwa utepe wa aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Za mtaani utakuta utepe mweusi, mwekundu, na kipande cha plasta ya hospitali. Paa la kufunguka la kweli lina mirija ya kushusha maji ndani ya nguzo za bodi. Lile lililokatwa mtaani, masika yakianza, mwenye gari huendesha na mwavuli.

Kampuni ilipofunga nilihamia yadi ya magari hapa mjini. Meneja wa Yadi, mtu mwenye tabasamu la asubuhi hadi jioni, aliniita ofisini siku niliyoripoti.

"Mzee, wewe kagua, lakini mbele ya mteja kaa kimya."

"Basi umeajiri sanamu," nikamwambia.

Alicheka. Baadaye aligundua kwamba watu wa Kahama na Geita walikuja kwake kwa sababu mkaguzi wake hanyamazi, akaniacha. Aliomba tu niseme kwa upole. Huo upole sikuwahi kuupata, na sitadanganya kwamba niliutafuta sana.

Kipindi hicho dhahabu ya wachimbaji wadogo ilikuwa inawabadilisha watu ghafla. Mtu akipata mawe mazuri kwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, kitu cha kwanza alichotaka ni VX. Si gari, VX. Mafundi wakaona riziki. GX iliingia gereji jioni ikatoka imevishwa madigadi, rimu za kung'aa, mbao za plastiki kwenye dashibodi, na neno TURBO ubavuni. Mimi nikawa mtu wa kuzivua. Hakuna anayempenda mtu wa namna hiyo. Kwenye misiba, wanaume waliniona wakaenda kuegesha magari nyuma ya kanisa. Kwenye harusi nilikaa meza yenye viti vitupu. Marehemu mke wangu, Mama Neema, alikuwa akinitania: "Baba Neema, siku moja utalikagua jeneza lako useme si la mninga."

Mabula pekee hakunikimbia. Tulianza kazi pamoja kule karakana, yeye akiwa fundi injini. Mabula alikuwa haangalii gari, alikuwa anasikiliza. Alifumba macho, akaweka kiganja juu ya boneti, akakwambia pampu ya dizeli imechoka. Tulilala chumba kimoja, tukapika sufuria moja, nikawa mshenga wake alipomposa mkewe, Mama Doto. Kampuni ilipofunga yeye alikwenda kuchimba Nyarugusu, na kila alipopita Shinyanga alilala kwangu.

Mwaka duara lake lilipomkubali, alikuja na msafara. Mbele gari la kijani limefungwa maua, nyuma magari mawili ya ndugu na wakwe, akina mama wakipiga vigelegele. Ni desturi huku: gari la dhahabu halifiki nyumbani kimyakimya. Lakini Mabula alipitisha msafara kwenye yadi kwanza.

"Ngosha!" akaniita, yaani mwanamume kwa Kisukuma. "Watu hawa wanasema mjini hapa hakuna VX ya kweli. Waambie hii ni nini."

Nililizunguka mara moja tu. Nikamshika mkono nikamwambia tuingie ofisini tunywe maji.

"Sina kiu. Sema hapahapa wasikie."

"Mabula, tuingie ndani."

"Sema, bhabha! Unaogopa nini? Turbo hiyo nimeisikiliza mwenyewe, inaimba."

Turbo ilikuwa ya kweli. Injini nzima ilikuwa ya kweli, imetolewa kwenye VX iliyopinduka na kushushwa ndani ya bodi ya GX. Yeye fundi injini alinunua kwa masikio, na masikio hayakumdanganya. Bodi ndiyo iliyomdanganya. Watu wote walikuwa wananitazama, naye alikuwa amenitaka mara tatu.

"Ni GX," nikasema. "Imepewa moyo wa VX."

Vigelegele vilikatika. Mkwe mmoja akacheka. Mabula alipanda, akaondoka, na maua yakawa yanadondoka barabarani. Nilimtumia salamu, nikaenda Nyarugusu nikaambiwa yuko shimoni, nikapiga simu mpaka namba ikabadilika. Mama Doto alipofariki nilipata habari baada ya maziko. Nililia siku hiyo, na sikumlilia marehemu peke yake.

Nimestaafu sasa. Magari mapya karibu yote yana turbo, na kijana huchomeka kifaa chini ya usukani, gari likajieleza lenyewe. Hakuna anayeniita kutazama tundu la madigadi. Mama Neema hayupo, Neema yuko Dodoma na hupiga simu Jumapili. Siku nyingine naibishia redio ili nisikie sauti yangu. Mkiniuliza kama ukweli ulinilipa, nitawajibu kwamba ulinilipa heshima, na heshima huwezi kula nayo ugali jioni. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Kiangazi hiki, asubuhi, nilisikia mluzi wa turbo ya zamani nje ya geti. Nikatoka. Lilikuwa lile gari la kijani, na Mabula alikuwa anashuka taratibu, ameshika mlango.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma, kama vile tuliachana jana.

"Mwangaluka, Baba Doto."

Akanipa ufunguo. "Kagua."

Akaketi kibarazani. Nilikwenda kuchukua tochi. Madigadi zilikuwa za kweli, na mabamba yanayozishika yalikuwa yametolewa kwenye VX halisi, matundu yana rangi ndani. Viti, dashibodi, milango, kiyoyozi cha nyuma, vyote vya kweli. Nililala chini kwenye vumbi nikatazama loki ya difu: nyaya zake zilikuwa na utepe wa kiwandani toka mwanzo hadi mwisho. Miaka yote ile alikuwa anatafuta kipande kimoja kimoja, anakifunga kwa mikono yake. Hapakuwa na boliti iliyofungwa ovyo. Nilibaki chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Nilipotoka alikuwa ananingoja amesimama.

"Ni nini?"

Nilijua neno moja lingemrudisha. Ningelisema, tungeingia ndani, nyumba ingekuwa na sauti ya mtu. Sijawahi kutaka kusema uongo kama nilivyotaka asubuhi ile.

"Ni GX, Mabula. Sijakagua VX iliyotunzwa hivi maishani mwangu. Lakini gari hili lilizaliwa GX."

Akatazama chini. Nikangoja apande aondoke.

"Mafundi wote wa Geita wamesema VX," akasema. "Wanangu wanasema VX. Mama Doto alipokuwa anaumwa, watu haohao waliniambia atapona, mpaka asubuhi aliyokufa." Akavua kofia, akafungua vifungo vya shati. "Mimi pia wananiambia niko salama. Wanasema nimechoka tu. Sasa niangalie mimi."

Nikamwangalia. Nilianza juu, nikashuka polepole, kama nilivyozoea. Yeye alisimama wima asijifiche.

"Macho yako yana manjano," nikamwambia. "Umekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Na tumbo limejaa upande wa kulia. Huko salama, ndugu yangu."

Alishusha pumzi ndefu, akakaa chini palepale kwenye ngazi.

"Ahsante," akasema.

Nikaketi kando yake, nikamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Leo unalala hapa," nikamwambia. "Kesho tunakwenda hospitali. Tutakwenda na hiyo GX yako."

Mabula akacheka mpaka akakohoa, akaniegemea begani.