Vitambaa Nilivyovikata Vigingini

Aibu hii sikutaka kuisimulia, lakini mkipita kijijini kwetu Kibuyuni mtasimuliwa tu, tena kwa chumvi zaidi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe.

Mimi ni mtu wa ndani. Nimezaliwa hapo hapo pwani lakini bahari naisikia dirishani. Kazi yangu kubandika: mabati yenye kutu, mbao zilizoliwa na maji, nyavu kuukuu, vyote naviunga ubaoni vikawa picha isiyo ya kitu chochote. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, huziita "ugonjwa wa ukutani."

Basi hoteli moja ya Diani ikakubali kuzitundika, nami nikaona ile picha kubwa imekosa rangi, nikashuka maji yalipokupwa hadi kwenye mashamba ya mwani, nikakuta vigingini vitambaa vimepaushwa na jua, vizuri ajabu, nikajiambia ni takataka zilizonaswa na mawimbi (vilifungwa mafundo mawili mawili, lakini nani alitazama mafundo?), nikavikata vyote kwa mkasi.

Wiki hiyo shangazi alirudi akifoka: Bi Mejumaa, jirani yake wa shamba na rafiki yake tangu chuo cha Kurani, amevuna mwani wa kamba zake! Bi Mejumaa akaapa ni zake mwenyewe. Salamu zikakatika, hata chumvi wakaacha kuazimana. Nami nikamwunga mkono shangazi: "Watu wengine hawana haya!"

Siku ya maonyesho niliwaalika wanawake wote wa mwani. Nikasimama mbele ya wageni nikieleza kuwa picha yangu inahusu mipaka inavyofutika, mara shangazi akasogea, akashika kitambaa.

"Mejumaa, hebu njoo. Hii si leso yangu ya arusi?"

Bi Mejumaa akavaa miwani. "Ndiyo. Na ile shuka yangu." Akanigeukia. "Mwanangu, umevitoa wapi?"

"Vigingini, bi."

"Alama za mashamba yetu! Mpaka wangu umeutia gundi?"

Mgeni mmoja akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

Shangazi hakunitazama. Alimshika mwenzake mkono. "Nimekuita mwizi mbele ya watu, Mejumaa. Nisamehe." Wakalia wote wawili, na mimi nikatamani kuingia nyuma ya ubao wangu nibaki huko.

Bamvua lililofuata, maji yalipokupwa mbali, nilikuwa majini hadi magotini, nikifunga vitambaa vilivyokakamaa kwa gundi, na wanawake wamejipanga mchangani: "Hicho si changu, msanii! Songa mbele!"

Siku hizi hata msumari wa jalalani naupigia hodi kwanza.