Kungoja Vumbi Litulie

Mwaka mmoja dari ya ukumbi wa kanisa iliporomoka, hapa Woolwich, mahali nilipokuwa nikifundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi. Bahati nzuri ilianguka katikati ya wiki, ndani hamna mtu. Nilipofika nilikuta viti vimefunikwa na unga mweupe wa lipu, na mzee wa Kiingereza aliyesimamia ukumbi amesimama mlangoni. Alinipa pole, akasema habari ya darasa tutaizungumza vumbi likishatulia.

Nami nikamwelewa vilevile alivyosema. Kesho yake, nikitoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilirudi na ndoo na matambara. Alinitazama kwa mshangao, akanisihi nirudi nyumbani, si salama.

Jioni nilimsimulia binti yangu. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanieleza kwamba ni msemo: ghasia zipite kwanza, ndipo watu waamue. Nikamwuliza umetoka wapi. Akasema hakuna mwenye hakika, ila yaelekea ni picha ya barabara za udongo. Farasi wakipita mbio huoni kitu. Vumbi likitua ndipo unaona nani amesimama na nani yuko chini.

Niliupenda msemo ule. Nimekulia Dodoma, vumbi nalijua. Lakini ukarabati ungechukua miezi, na ulimi wa mtoto haungoji mafundi. Nikawapigia wazazi simu. Jumamosi iliyofuata darasa lilikaa sebuleni kwangu, wengine kwenye ngazi, wakubwa jikoni kando ya sufuria ya maharage. Tulibanana hivyo majira yote ya baridi, na watoto wakazidi kuongezeka. Mama mmoja Mkongo alileta wanawe, naye akabaki kunisaidia na wadogo.

Ukumbi ulipofunguliwa, yule mzee alikuja nyumbani kwangu kuuliza kama darasa bado lipo. Binti yangu ndiye aliyemfungulia. Tangu utotoni nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Siku ile aligeuka, akanena kwa Kiswahili mbele ya darasa zima:

"Mama, anauliza kama darasa bado lipo. Nimwambie hatukungoja?"

"Mwambie," nikasema.

Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kujivunia kitu kama maneno yale. Mzee aliambiwa, akavua kofia, akaomba kuingia. Viti vilikuwa vimekwisha. Akakaa kwenye ngazi na watoto, akajifunza kuhesabu mpaka tano.