Diski Mbili na Sauti ya Baba

Baba alijifunza Kiswahili uhamishoni, Morogoro, akakioa pamoja na mama yangu. Tuliporudi kwao Afrika Kusini, alijirekodi kwenye kanda akisimulia maisha ya kule. Alipofariki, nilizihamishia kanda zile kwenye kompyuta yangu ya Linux, hapa mtaani kwetu Rosettenville.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski ikaanza kugongagonga. Haikufunguka tena. Kanda zenyewe bado zilikuwepo, nikazirekodi upya, lakini mbili zilikuwa zimeshaanza kunata na sauti ikawa inazama na kuibuka. Ndipo nikaenda Fordsburg, nikanunua diski mbili zilizolingana.

Mama alikuwa akichambua mchele mezani nilipozifungua.

"Mbili za nini? Moja ikijaa unahamia nyingine?"

"Hapana, Mama. Kila kinachoandikwa kwenye hii, kinaandikwa na kwenye ile pia, papo hapo. Kama kioo."

"Kioo hugeuza. Mkono wa kulia huwa wa kushoto."

"Basi kama mapacha."

"Hapo sawa," akasema, akausogeza ungo pembeni.

Nilizifunga ndani ya kompyuta, nikaandika amri za kuziunganisha, kisha nikamwonyesha sehemu ya skrini inayoeleza hali ya diski: herufi mbili za U ndani ya mabano, kila moja ikimaanisha diski moja iliyo nzima. Nikanakili sauti zote, nikadhani kazi imekwisha.

"Sasa chomoa moja," mama akasema.

"Mama, hazichezewi hivyo."

"Utajuaje kama inafanya kazi?"

Niliwasha sauti ya baba, akaanza kueleza jinsi walivyopanda mahindi yakaliwa na nyani. Mama mwenyewe akaushika waya wa diski ya chini, akanitazama, akauvuta. Baba hakukatika. Aliendelea kuwatukana nyani.

Nikamwambia huenda kompyuta ilikuwa imeshikilia maneno hayo kwenye kumbukumbu yake, si kwamba inayasoma kwenye diski. Tukazima, tukawasha tena waya ule ukiwa bado nje, tukafungua kanda nyingine kabisa. Baba akazungumza. Kwenye skrini, U moja ilikuwa imegeuka kistari.

"Amebaki mmoja, anafanya kazi ya wawili," mama akasema, na macho yake hayakutoka pale.

Tuliirudisha diski. Mstari wa maendeleo ya kunakili upya ulisogea polepole, na mama akapitia mara kwa mara kuuangalia, kama mtu mwenye maharage jikoni, mpaka U ya pili ikarudi.

Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. "Na ukifuta kitu kwa makosa?"

Tulijaribu kwa picha ya robot, yaani taa za kuongozea magari, ya barabara yetu, isiyo na maana yoyote. Niliifuta. Nikachomoa diski moja, nikatafuta. Nikairudisha, nikasubiri U irudi, nikachomoa nyingine, nikatafuta. Haikuwepo popote. Zote mbili zilikuwa zimetii, papo hapo, kama nilivyomweleza mwanzo.

"Mapacha wote wametumwa, wote wameenda," akasema. "Anahitajika mwingine, aishi mbali na hawa."

Nikanakili sauti zote kwenye diski ya tatu, ya kubebeka, na Jumapili tukampelekea dada yangu anayefanya kazi na kuishi mbali, Sandton. Akaiweka kabatini kwake.

Tuliporudi nyumbani mama hakuvua hata viatu, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Washa hicho kipaza sauti."

"Unataka kusema nini, Mama?"

"Washa kwanza."

Nikawasha. Akakohoa kidogo, akaanza: "Baba yenu anasema kwenye kanda kwamba alinikuta nachota maji. Si kweli. Alinikuta kwenye foleni ya zahanati, shavu limemvimba kwa jino, na mimi ndiye niliyemsemesha kwanza."

Nikavuta kiti changu karibu.